Nilimwita Redio kwenye Chumba cha Vipimo

Kwenye chumba cha vipimo hatusemi. Malaika anaingia, anasimama akiutazama ukuta, na mpimaji anafanya kazi nyuma yake. Ukimgonga begani mara moja, anainua mikono. Mara mbili, anakunjua mbawa. Mara tatu, umemaliza, aende zake. Kazi yangu ni kupima migongo, pale mbawa zinapoota, ili mafundi wa cherehani wajue wapasue kanzu wapi. Nina miaka kumi na saba, na nimeshika migongo ya Malaika mingi kuliko nilivyoshika mikono ya watu.

Kunyamaza kwetu si adabu, ni kuokoa roho. Malaika akiitwa na binadamu, hata kwa neno moja, lazima aende nyumbani kwa aliyemwita ndani ya siku saba. Anabisha hodi. Atakayemfungulia ndiye atakayeondoka naye. Asipofunguliwa mpaka jua linazama, anakwenda na harudi tena. Ndiyo sheria tangu waliposhuka wakautwaa mji, na watoto wetu wanaijua kabla hawajajua kuhesabu.

Mwaka jana, walipokuja kuchukua vijana wao wa kila mwaka, walimchukua dada yangu. Tulimwita Redio, maana alianza kuongea kabla hajafumbua macho asubuhi, na ukimwambia apunguze sauti ndiyo kwanza anaongeza. Wanaochukuliwa hurudi mjini na mbawa, na ndani yao hamna mtu. Nilijua hivyo vizuri. Lakini kichwa kinaweza kujua na vidole vikakataa.

Ilikuwa Jumatatu, saa nne asubuhi. Nilimgonga Malaika mara mbili, akakunjua mbawa, nikapitisha futi chini ya bawa la kulia. Vidole vikakuta kovu la maji ya moto, pana chini, jembamba juu. Lile kovu lilitokana na mimi, nilipovuta birika nikiwa na miaka minne. Miaka mingi nilimpaka mafuta pale pale huku akinisimulia umbea wa mtaa mzima.

"Redio," nikasema. "Ni wewe?"

Hakugeuka. Haukutikisika hata unyoya mmoja. Alikuwa anasubiri agongwe mara tatu, basi.

Fundi mkuu alifunua pazia, midomo imemkauka. "Binti, umefungua mdomo?"

"Ndiyo, fundi."

"Nenda kwenu. Tia komeo, kaa ndani siku saba. Na usimwambie mtu."

Ningemsikiliza yule mzee, leo nisingekuwa na la kusimulia. Lakini mama alinisoma usoni hata sijavua viatu. Mwaka mzima alikuwa akiandaa sahani tatu mezani, kisha anaondoa moja kimyakimya, na mimi nilikuwa nimechoka kuisikia ikirudi kabatini. Nikamwambia nimemwona Redio, na kwamba nimemwita.

Hakunifokea. Aliuliza kitu kimoja tu. "Alikutambua?"

Hapo ndipo nilipoharibu. Lile la asubuhi lilinitoka bila kukusudia, hili nilikusudia. Nilimtazama machoni nikasema, "Alinitambua, mama. Aligeuka akacheka."

Mama aliketi sakafuni akalia mpaka akaishiwa nguvu, kisha akala chakula chake chote, jambo ambalo sikuwa nimeliona kwa miezi. Nilijisifu moyoni, mjinga mimi.

Siku ya tano, mchana kweupe, mlango ukagongwa.

"Mama, nifungulie, mikono imejaa."

Ilikuwa sauti ya Redio hasa, na maneno yale yale ya kila alipotoka sokoni. Ila Redio hakuwahi kusema neno moja akatosheka. Hii ilisema, ikasubiri, ikasema tena kwa mkato ule ule, bila kuongeza wala kupunguza. Niliegemeza mgongo mlangoni nikamwambia mama arudi jikoni.

"Nipishe," akasema.

"Jua likizama ataondoka. Vumilia, mama, ni saa chache tu."

"Aondoke aende wapi? Mwanangu ana kumbukumbu zake, na wenzake wote kule ni vinyago. Unajua upweke wa namna hiyo?"

Basi nikatapika ukweli wote. Kwamba hakugeuka. Kwamba hakucheka. Kwamba nilimdanganya kwa sababu nilitaka ale.

Mama alinitazama kwa huruma, na ile huruma iliniuma kuliko kofi. "Unasema hivyo ili nisifungue."

"Wallahi, mama!"

"Mama, nifungulie, mikono imejaa," ikasema sauti nje.

"Na mimi je? Utaniacha na nani?"

"Wewe una kazi yako, una fundi mkuu, una majirani. Yeye ana nani?"

Tulibishana mpaka sauti zikatukauka. Mwanga ulipoanza kuwa mwekundu dirishani, nikajua tumebakiza muda mfupi. Mama naye akalegea. Hakunisukuma. Alinijia akanikumbatia, na mimi, nilivyokuwa nimechoka, nikalaza kichwa begani kwake kama zamani. Mkono wake ukapita nyuma ya kiuno changu ukavuta komeo. Kisha akanizungusha pembeni, taratibu, asiniumize.

Malaika alikuwa amesimama kizingitini, mikono mitupu. Uso ulikuwa wa Redio, kila kitu mahali pake, na macho yakimtazama mama yangu kama yanavyoutazama ule ukuta wa kazini. Mama aliutafuta uso ule kwa muda mrefu. Alimwita kwa jina la utani, akamwita mwanangu, akamgusa shavu. Nikaona mabega yake yakishuka. Alikuwa ameelewa, na mlango ulikuwa umeshafunguliwa, na hapakuwa na njia ya kurudi.

Akanigeukia. Midomo ilimtetemeka, lakini aliilazimisha itabasamu.

"Umeona?" akaniambia. "Amenitambua. Amecheka kabisa."

Kisha akaushika mkono wa Malaika yeye mwenyewe, kwa kuwa mkono ule haukunyooshwa, wakaondoka.