Weupe Wanene

Shemeji wa mjane aliingia shambani mwake bila hodi, bomba la dawa mgongoni. Mibuni yake mjane ilijaa vidung'ata, wale wadudu weupe kama pamba wanaofyonza matawi, naye shemeji alitaka wafe kabla hawajavuka mpaka kuingia shamba lake la jirani.

"Wengine wamenenepa utadhani wanapikiwa," alisema, akimgusa mmoja mkubwa. "Nipishe, shemeji."

Mjane hakupisha. Hakuwa amesahau mwaka ule muuza dawa alipowahimiza wote wapulizie. Walipulizia, wakashangilia, kisha vidung'ata wakarudi maradufu na kumaliza mavuno, yeye muuzaji kashahamia kwingine na mdomo wake mtamu.

"Huyo si mwenzao," alisema. "Amevaa nguo zao tu. Hebu tazama anakula nini."

Shemeji aliinama. Yule mnene alikuwa akimtafuna kidung'ata taratibu, kama mtu aliyekaa mezani kwake.

"Kwa hiyo mwaka ule..."

"Tuliwaua walinzi wetu. Na dawa tuliinunua wenyewe."

Shemeji aligeuka, akaondoka na bomba lake.

Msimu wa kuchuma ulipofika, wale wanene walikuwa wameshaota mbawa, wakawa mbawakawa wadogo, si vibuu tena. Matawi yalikuwa safi, yameinama kwa matunda mekundu. Mjane alikuwa anajaza kikapu cha pili aliposikia hodi mpakani. Shemeji alisimama na kopo tupu.

"Shemeji, wale wanene. Nigawie japo wachache."

Mjane alicheka mpaka akashika mbuni asianguke.

"Karibu," alisema. "Lakini lile bomba lisije likatia mguu hapa."