Madonge ya Mwisho

Joyceline ndiye aliyemfundisha Ritha kufuma. Alitaka hilo lijulikane, na kwa kuwa hakuna aliyemuuliza, lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Walichangia chumba ghorofa ya tatu, Mtaa wa Msimbazi, wote wakisomea stashahada ya ununuzi na ugavi chuo kimoja, ng'ambo ya Mnazi Mmoja. Mwaka wa kwanza Ritha alishika sindano kama mtu anayegombana na kuku. Joyceline akamtuliza, akamwonyesha kuanzisha vitanzi na kugeuza mstari bila kuangusha hata kimoja.

Sasa mtazame. Alijirekodi akisoma notisi, akavaa spika za masikioni, akafuma huku akijisikiliza. Matokeo yalipobandikwa, jina lake lilikuwa juu. Joyceline, aliyemaliza sweta nzima chini ya meza ya darasani, akapata sapu, akatakiwa kurudia mtihani wa somo la ghala.

Hilo angelimeza. Kilichomshinda ni shali.

Kaka yake Athanas alikuwa amepata mtoto wa kwanza. Katika ukoo wao mtoto hapelekwi kubatizwa akiwa na shali ya dukani. Inafumwa na shangazi yake. Na shangazi ni nani, kama si Joyceline?

"Wifi, wewe una sapu," Candida, mke wa Athanas, alimwambia kwenye simu kwa sauti tamu. "Soma kwanza. Ritha atatusaidia. Niliona ile kofia aliyomfumia mtoto wa jirani yenu, mkono wake umetulia."

Umetulia. Nani aliutuliza?

Ritha alifanya kosa moja, kosa la mtu mwenye haraka. Alinunua uzi kidogo kidogo, kila akitoka kipindini. Joyceline aliliona siku ya kwanza. Uzi mweupe haufanani na mweupe mwenzake: mzigo huu unakuja kama maziwa, ule kama chaki, na ukiziunganisha nyuzi hizo, baka linaonekana tangu mlango wa kanisa. Hakumwonya. Alikwenda Kariakoo, duka lile lile alikonunua Ritha, la Mzee Abdulkadiri, akachukua madonge yote yaliyobaki ya mzigo ule.

"Mna harusi?" mzee aliuliza.

"Ubatizo."

"Mungu amkuze."

Akaanza shali yake, kwa siri, chini ya meza ile ile, mwalimu akieleza mambo yale yale yaliyomwangusha. Ritha angefika kanisani na shali ya mabaka, au mikono mitupu, halafu yeye angefungua begi. Aliuona kabisa uso wa Candida. Aliuona mara nyingi mno kwa siku.

Ijumaa mchana, ubatizo ukiwa keshokutwa, Ritha aliinua shali yake dirishani. Kona moja ilikuwa bado.

"Joy, uzi umeniishia."

"Pole. Nenda kwa Abdulkadiri."

Alikwenda. Joyceline alikaa kitandani akijaribu kufurahi. Ritha aliporudi hakuwa na uzi, lakini alikuwa anacheka.

"Wewe una siri, mwaya. Mzee kaniambia, 'Amechukua yote mwenzio, yule mrefu mwenye mwanya.' Kumbe uliniona nanunua kijinga ukaniwekea. Ningeaibika mimi."

Joyceline alitafuta kejeli kwenye uso ule. Alitamani iwepo, angalau wagombane. Haikuwepo.

"Sikukuwekea," alisema. Akavuta begi uvunguni, akaitoa shali yake.

Ritha aliacha kucheka. Aliipokea, akaigeuza mbele na nyuma. Ilikuwa nusu, labda pungufu ya nusu.

"Nzuri," alisema polepole. "Itaisha kabla ya Jumapili?"

Joyceline alijua jibu tangu Jumatano. Mtihani ulimshinda, na hii nayo imemshinda.

"Haiishi."

"Sikiliza, Joy. Mtoto ni wako wewe, mimi nilipewa kazi tu."

Ndilo lililouma kuliko yote, kwamba hata hapa Ritha hakukosea, hakumwachia Joyceline la kumkasirikia. Joyceline alimnyang'anya shali, akachomoa sindano, akavuta ncha ya uzi. Vitanzi vikaanza kuachia, mstari kwa mstari.

"Fuma," alisema.

Ritha alisita, kisha akaunga uzi. "Umejikunjakunja."

"Ukifuliwa unanyooka." Kwa hilo bado alikuwa mwalimu.

Wakakaa hivyo, mmoja kila kitanda, uzi mmoja kati yao. Alichofumua huyu, yule alikifuma.

"Sapu yako Jumatatu, si ndiyo?" Ritha aliuliza bila kuinua macho. "Akiba ya dharura ni nini?"

"Sitaki."

"Akiba ya dharura, shangazi."

Joyceline alivuta uzi kwa hasira. "Mzigo unaouweka pembeni ili kazi isisimame ukichelewa kuletewa mwingine."

"Haya, si unajua."

Alitamani kumrushia mto. Badala yake aliinama, akaukagua mstari mpya pale uzi wake ulipoungana na wa Ritha, akitafuta kitanzi kimoja tu kilicholegea. Hakukiona.

Akavuta tena.