Eda ya Wadha

Miaka minne Dhafir alikaa jela ya Bisha kwa kumuua Hizam, jirani yake, katika ugomvi wa kisima. Leo mama yake, Hasna, alikuwa mahakamani roho mkononi, maana kadhi alikuwa anawauliza ndugu watatu wa marehemu kwa mara ya mwisho: kisasi, fedha za diya au msamaha?

"Kisasi!" alidakia Mushabab, kaka mkubwa. "Diya yao wakanunulie tende!"

Wadogo zake wakaitikia kwa vichwa. Basi tena, mwanangu wanamchinja, Hasna akajisemea, akainama. Ndipo akaingia mwanamke kajifunika gubigubi, karatasi mkononi.

"Mimi Wadha, mke wa Hizam. Na mimi ni mrithi. Mbona sikuitwa? Habari hii nimeisikia jana!"

"Mke wa wapi wewe?" Mushabab akawaka. "Si alikuacha? Si tulikutoa na sanduku lako?"

"Alinipa talaka moja. Akauawa siku ya arobaini na tatu, mimi ningali edani."

Lo! Hasna akainua kichwa. Mke wa talaka rejea, ambaye mume aweza kumrudia, bado ni mke mpaka eda iishe, na akifiwa humo anarithi. Na mrithi mmoja tu akisamehe, kisasi kimeanguka. Lakini kwa nini huyu amsamehe aliyemfanya mjane?

Kadhi akaisoma ile karatasi ya talaka, akahesabu tarehe kwa vidole. "Kwa siku hizo eda ya hedhi tatu yaweza kuwa imekwisha, yaweza kuwa bado. Ulikuwa umepata hedhi ngapi, binti yangu?"

"Mbili. Ya tatu ilinijia tumeshamzika."

"Muongo!" Mushabab akaruka. "Shahidi wake nani?"

"Kwa jambo hili mwanamke huaminiwa kwa kauli yake," kadhi akasema. "Au wewe ndiye uliyekuwa ukimhesabia?"

Watu wakabana vicheko. Mushabab akakaa, uso umemwiva.

Wadha akaapa.

"Haya, wataka nini?" kadhi akamuuliza.

Hasna alifumba macho. Hakuthubutu hata kumtazama.

"Mume wangu harudi," Wadha akasema. "Huyu mama bado anaye mwanawe. Nimesamehe. Hao ndugu wachukue diya yao wakitaka, mimi fungu langu nimeliacha."

"Alhamdulillahi!" Hasna akapiga ukelele mpaka askari akamnyamazisha, naye wala hakumsikia. Dhafir haendi kuuawa! Kifua kilimfunguka, akavuta pumzi kwa mara ya kwanza baada ya miaka minne.

Nje alimkimbilia Wadha amwangukie miguuni, Wadha akamwinua.

"Usinipigie magoti, mama. Unajua kwa nini hesabu ile sikuisahau? Kila siku nilikuwa namngojea Hizam aje anirudie."

Hasna akamkumbatia, wakalia pamoja palepale barazani.