Pilau ya Bwana Limbu

Mwenzenu nimepika pilau ya Siku ya Limbu miaka mingi, na kila mwaka nikiipika naitukana kimoyomoyo. Pilau yenyewe haina kosa. Mimi Anifa kazi yangu ndiyo hiyo, shughuli zote za mtaa wa Ng'ambo hapa Tabora wananiita, harusi, hitima, maulidi, na hajatokea wa kusema nimeunguza. Nilichokuwa nakitukana ni ule uongo unaoliwa pamoja nayo.

Kwa asiyejua, Bwana Limbu alikuwa mpigania uhuru, mtu wa Usukumani, fundi wa maneno. Mwaka mmoja kabla ya Uhuru alishuka hapa kwa treni ya Mwanza, akahutubia, akala, akalala, asubuhi akaendelea na safari ya Kigoma. Basi, ziara yenyewe ndiyo hiyo. Lakini mji wetu unaipenda kuliko sikukuu. Kila mwaka watu wanajaa uwanja wa shule, tarumbeta zinapigwa, wakubwa wanahutubia, halafu umati unalishwa pilau kwa kukumbuka kwamba siku ile watu wa Ng'ambo walimpokea Limbu kwa pilau ya ng'ombe mzima. Na aliyeongoza mapokezi, tunaambiwa kila mwaka, ni mwenyekiti wa tawi la chama, Mzee Shaban, fundi cherehani. Huyo ni babu yangu, mzaa mama. Kuna mtaa una jina lake.

Ng'ombe mzima! Jamani, hakuna hata mmoja aliyewahi kujiuliza fundi cherehani alimpata wapi ng'ombe mzima na magunia ya mchele, mchana kweupe, kwa ajili ya mgeni aliyekuwa anatarajiwa wiki inayofuata?

Ile pilau ilikuwa ya harusi ya mama yangu.

Mama, Mwanahawa binti Shaban, alikuwa chumbani siku hiyo, hina imekolea mikononi, anasubiri kuozwa baada ya sala ya alasiri. Bwana harusi aliitwa Abdulatifu, kijana wa duka kutoka Usoke, na alikuwa anakuja na ndugu zake kwa treni. Masufuria yako uani, wanawake wanaimba. Mara adhuhuri habari zikafika kutoka stesheni kwamba Bwana Limbu kashuka, yuko na ujumbe wake, na nusu ya mji wanamfuata. Babu akachanganyikiwa. Hakuwa ameandaa hata chai. Akaingia uani mbio akawaambia wanawake, "Pakueni."

Bibi yangu akamuuliza, "Na wakwe je?"

"Wakwe ni ndugu, watatuelewa. Huyu ni mgeni wa nchi."

Wakapakua. Limbu akala, ujumbe ukala, na ile nusu ya mji iliyoufuata ujumbe ikala. Wakwe wa Usoke walipofika na kanzu zao nyeupe, walikuta ukoko. Wakakalishwa barazani, wakaletewa chai kavu. Watu waliosafiri kuja kuoa, chai kavu! Baba yake Abdulatifu akasimama, akasema, "Kama hamtutaki mngetuambia mapema, tusingejisumbua." Wakageuza, wakaenda kuisubiri treni ya kurudi. Mama aliyasikia yote akiwa nyuma ya dirisha.

Hayo ni ya siku moja, na mtu angeweza kuyasahau. Yaliyofuata ndiyo yaliyommaliza. Maana wanawake waliopakua waliogopa kumtaja mwenyekiti, na watu hawakusema wakwe wameondoka kwa njaa. Watu walisema wakwe wamepata habari za bibi harusi. Ati hakuwa msichana. Ati Usoke walishaambiwa. Maneno yakatembea kisimani, sokoni, mpaka Goweko yakafika. Na babu angeweza kuyakata kwa sentensi moja, akisimama tu msikitini akasema, "Kosa ni langu, chakula cha wakwe nilimpa mgeni." Hakusimama. Angechekwa, na alikuwa anautaka ukubwa katika chama. Akanyamaza, na watu wakaona hata baba mzazi hana la kumtetea mwanawe.

Mama akaja kuolewa baadaye na baba yetu, Mungu amrehemu, mtu mzima mwenye wake wawili tayari, aliyekubali kumchukua "hivyo hivyo". Hivyo hivyo! Mama yangu! Na mimi nilipoolewa, wifi yangu aliniuliza mbele ya watu kama na mimi ni wa kurudishwa. Usiku ule nililia mpaka mama akatusimulia kisa chote, mimi na mdogo wangu Awadhi. Kwa hiyo Awadhi alijua. Nataka mshike hapo, maana kuna wanaomtetea eti hakujua vizuri.

Mwaka huu Awadhi ndiye katibu wa kamati ya maadhimisho. Kila mtu anajua anautaka udiwani, hata yeye hafichi, maana siku hizi anasalimia mpaka watu aliogombana nao. Kamati ikampa kazi ya kusoma historia ya ziara mbele ya mgeni rasmi. Mama aliposikia akamwita nyumbani. Tulikuwa watatu tu, tumekaa mkekani, mimi nachambua mchele.

"Awadhi," mama akasema, "mimi nimeshavuka themanini. Sikuombi zawadi wala sikuombi jina la mtaa. Nataka isemwe mbele za watu kwamba wali ule ulikuwa wa Mwanahawa, baba yake aliuchukua bila kumuuliza, na wakwe waliondoka kwa sababu hiyo, si kwa sababu nyingine. Basi. Nife na jina langu."

"Mama, hilo tu?"

"Hilo tu."

"Wallahi nitalisema. Nitalisema kama lilivyokuwa."

Mimi nikamwambia, "We Awadhi, usije ukatutia aibu. Udiwani huo umekukaa kooni."

"Dada, wewe kila kitu unakiona kibaya," akacheka. Akambusu mama mkono, akaenda zake.

Loo, mngemwona mama wiki ile! Aliwatumia salamu mashoga zake wa zamani, wale wachache waliobaki, waje wakae karibu wasikie. Alinituma nimnunulie viatu, yeye ambaye huwa ananiambia vya zamani bado vizima. Alikuwa anakula vizuri. Jioni moja nilimkuta anaimba jikoni, na mimi mama yangu sijawahi kumsikia akiimba. Nikajisemea, jamani, kumbe mzigo huu ulikuwa mzito hivi.

Siku ilipofika niliwaachia wenzangu masufuria, nikaenda kukaa na mama mstari wa mbele. Mashoga zake walikuwa nyuma yetu. Mgeni rasmi akakaribishwa, wakasema ya kusema, kisha akaitwa Awadhi. Suti mpya. Akashika kipaza sauti kama kazaliwa nacho.

"Ndugu zangu," akasema, "leo nitawaambia jambo ambalo miaka yote limefichwa. Pilau aliyokula Bwana Limbu haikupikwa kwa ajili yake. Ilikuwa pilau ya harusi. Harusi ya mama yangu mzazi, Bi Mwanahawa, huyu hapa!"

Uwanja ukavuma. Mama akanishika mkono, akakaa wima. Nikamwangalia, machozi yanamlengalenga, na mimi nikaanza kumwombea mdogo wangu dua kwa yote mabaya niliyomdhania. Wallahi nilimwombea.

Halafu akaendelea.

"Na mama yangu, binti mdogo, hina mikononi, aliposikia mgeni wa nchi kafika na hakuna chakula, alimwita baba yake chumbani. Akamwambia, baba, toa chakula changu. Harusi yangu inaweza kungoja, Uhuru hauwezi kungoja!"

Mtume! Vigelegele vilivyopigwa, ungedhani anaozwa mtu pale pale. Tarumbeta zikaingilia bila kuagizwa. Awadhi akapandisha sauti. "Hakulazimishwa na mtu! Alitoa harusi yake kwa hiari yake, kwa ajili ya nchi hii! Huyo ndiye aliyenizaa mimi! Haya ndiyo maziwa niliyonyonya!"

Mkono wa mama ukalegea ndani ya mkono wangu. Nyuma yetu nikamsikia shoga yake mmoja anamwambia mwenzake, "Kumbe ni yeye mwenyewe aliyemkataa yule kijana wa watu! Na sisi tulivyomsikitikia." Mama alisikia. Naapa alisikia, maana alifumba macho.

Sijawahi kukasirika vile. Babu alimdhulumu akanyamaza, sawa, alikuwa mwoga. Huyu alipewa ukweli mkononi, akaapa, akaugeuza akauvaa yeye. Sasa hata mwenye kosa hayupo tena. Babu ni shujaa, mama ni shujaa, Awadhi ni mtoto wa mashujaa, na kama wakwe waliondoka, basi ni kwa sababu Mwanahawa alitaka waondoke.

Mgeni rasmi akashuka mwenyewe, akamvisha mama kitenge begani, akampigia saluti kwa mzaha wa heshima. Mshereheshaji akamsogezea mama kipaza sauti. "Bibi yetu, shujaa wetu, hebu tuambie. Ulijisikiaje siku ile ulipotoa harusi yako?"

 Mama akainua uso akamtazama Awadhi. Awadhi alikuwa amesimama jukwaani, amefumbata mikono, anatabasamu, na hakuwa na wasiwasi hata kidogo. Hapo ndipo nilipomwelewa. Alijua mama hatamwaibisha mbele ya mji. Uongo wake wote aliuegemeza hapo, kwenye mapenzi ya mama yake.

Nikanyoosha mkono nikichukue kile kipaza sauti. Mimi ningesema, na udiwani wake ungeishia palepale. Mama akanibana kiganja mpaka nikaumia. Akasema, taratibu, "Mwanangu ameshasema."

Vigelegele tena. Mshereheshaji akasema mnaona unyenyekevu wa wazee wetu.

Hatukungoja pilau. Nilimshika mama mkono tukarudi nyumbani, na njia nzima watu wanatusimamisha, hongera bibi, hongera, kumbe umebeba mengi, na wengine wanataka kupiga naye picha. Alipiga picha zote. Tulipofika ndani nikalipuka.

"Kwa nini umenizuia? Kwa nini, mama? Ulikuwa umebakiza neno moja tu!"

Akakaa kitandani, akavua vile viatu. "Baba yangu sikumwaibisha," akasema. "Nitamwaibisha mwanangu?"

"Na wewe nani anakustahi?"

Akaviweka viatu chini ya kitanda. Aliketi tu, anaangalia ukuta, na mimi nikaenda jikoni kupika ugali na mlenda kwa sababu sikujua mikono yangu niifanyie nini kingine.

Awadhi alikuja kabla ya magharibi. Nilimsikia kuanzia nje, anaagana na watu wa chama, wanamwita mheshimiwa tayari. Akaingia na furaha yake, akapiga goti mbele ya mama.

"Shikamoo, mama."

Mama kimya.

"Mama, umekasirika? Nisikilize basi. Ningesema babu alikunyang'anya, watu wangesema nini? Mtaa wenye jina lake tungeuficha wapi? Nimeitaja harusi, si ndiyo ulitaka? Tena nimekupandisha, mama. Mji mzima leo unakuita shujaa. Kuna mtu atakusema vibaya tena?"

"Umesema alimkataa bwana harusi," nikamwambia kutoka mlangoni.

"Sikusema hivyo!"

"Nenda kaulize huko nje wamesikia nini."

Akanipuuza, akamgeukia mama, sauti sasa imepungua. "Mama, mimi ni mwanao. Nimefanya kwa ajili yetu. Shikamoo."

Hapa kwetu mtoto hata awe mwizi, shikamoo ya mtoto inajibiwa. Mama yangu aliwahi kuniitikia yangu siku niliyomrushia maneno mabaya kuliko yote ya maisha yangu, aliitikia huku analia. Nilikuwa nasubiri aitikie. Nakiri nilikuwa nataka aitikie, ili nyumba irudi kuwa nyumba.

Akanigeukia mimi.

"Anifa," akasema, kwa ile sauti ya upole tunayoitumia mbele ya watu tusiowajua, "mwandalie mgeni chakula. Ametoka mbali."

Awadhi akacheka kidogo, akidhani ni utani. Mama akavuta mtandio wake, akaufunika uso mpaka yakabaki macho tu, kama anavyojifunika siku zote akiingia ndani mwanamume asiye wa damu yake.