Petali Iliyolika

Wiki mbili kabla ya tarehe mosi Machi, kompyuta ya Smaranda ilimkatalia. Aliiwasha asubuhi ya Jumanne ili ahifadhi upya michoro yake kumi na minne na kumtumia mkataji, kisanduku cha kijivu kikaziba kioo chote kikitaka ufunguo wa programu. Akakifunga. Kikarudi. Akazima, akawasha. Kikarudi.

Chumba cha pili, baba yake Toader akagonga ukingo wa kitanda. Mara mbili, maana yake maji.

Tangu kiharusi kimshike mzee, miaka mitatu sasa, Smaranda alikuwa akiishi ndani ya vyumba viwili vya ghorofa ya nne, mjini Botoșani, Romania. Mzee hakuweza kuachwa peke yake zaidi ya nusu saa. Nusu saa ni kwenda duka la mkate na kurudi, kama lifti imeamka vizuri, na lifti ya jengo lile ilikuwa na siku zake. Kazi ya kiwandani aliiacha. Kilichobaki ni meza ya jikoni na biashara iliyoweza kuenea juu yake.

Biashara yenyewe ilikuwa vidani vya mărțișor. Tarehe mosi Machi hakuna mwanamke pale anayetoka nyumbani bila pambo kifuani: mama, mwalimu, karani wa posta, kila mmoja hupewa kidani kidogo chenye uzi mwekundu na mweupe uliosokotwa. Tarehe mbili hata ukivigawa hakuna anayegeuka. Smaranda alichora maumbo, Bwana Nichifor wa karakana ya nyuma ya stesheni akayakata kwenye mbao nyembamba kwa mashine ya leza, kisha yeye akafunga nyuzi kwa mkono. Mwaka uliotangulia alianza bila kununua programu yoyote. Mkutubi wa maktaba alimpa diski yenye mfumo wa bure, Linux, na ndani yake programu ya kuchorea iitwayo Inkscape.

"Ni halali, mwanangu," alimwambia. "Waliotengeneza wamesema anayetaka achukue. Ukimpa na jirani, hakuna wa kukushtaki."

Smaranda alijifunza kwa kutazama, kitufe baada ya kitufe, mwezi mzima. Akauza maumbo tisa, na yote yakaisha.

Halafu Krismasi akaja Sandu. Kaka yake huyu alikuwa fundi bomba Torino, Italia. Laptopu alinunua yeye, dawa za baba alituma yeye. Akaitazama ile programu kama mtu aliyemkuta dada yake amevaa viatu vya kuokota.

"Bure? Nani anatoa kitu kizuri bure, wewe? Hii ni ya maskini."

"Inanitosha, kaka."

"Inakutosha kwa sababu hujaonja nyingine. Wenye kazi zao wanatumia ile ya pesa nyingi. Ninayo hapa, rafiki yangu ameivunja kufuli. Tulia nikuwekee."

Kabla chakula hakijapoa alikuwa ameshafuta kila kitu, mfumo na michoro ya zamani, akaweka vya wizi mahali pake. Pale jengoni hilo halikuwa kosa, lilikuwa zawadi. Karibu kila mlango ulikuwa na kompyuta iliyovunjwa kufuli, na anayetumia cha bure alionekana hana mtu wa kumsaidia. Smaranda alikuwa na neno mdomoni. Alilimeza pamoja na kabichi. Januari yote akachora upya yale tisa, maana Nichifor hakutunza faili za msimu uliopita, akaongeza matano mapya, mbayuwayu mmojawapo.

Sasa akampigia Nichifor.

"Zile faili nilizokutumia jana, huwezi kujaribu tena?"

"Nimejaribu mpaka nimechoka. Mashine yangu inaziona takataka. Si nilikwambia unihifadhie kwa namna nyingine?"

"Kompyuta imefunga."

"Basi ifungue, binti. Ijumaa nafunga foleni. Baada ya hapo hata askofu aje na mchoro wake, simkatii."

Bi Veta wa duka la maua alikuwa ameagiza vidani mia nane, na maneno yake yalikuwa mafupi: ukichelewa nachukua vya plastiki kwa mwingine, na mwakani usinipigie.

Sandu alipokea simu akiwa kazini.

"Usiguse kitu," alisema. "Rafiki yangu atatoa ufunguo mwingine. Jumapili anarudi."

"Jumapili nimeshachelewa."

"Unapenda kuhangaika, Smaranda. Ukigusa, ufunguo hautashika. Kaa tu."

Kaa tu. Alitazama jiko, sufuria, dirisha lililotazamana na madirisha mengine. Kwa miaka mitatu alikuwa amefanya nini kingine?

Akampelekea mzee maji. Kwenye ukingo wa kitanda zilining'inia sampuli tisa za mbao za mwaka jana, alizomfungia ili mkono wake mzima upate cha kushika. Alisimama na glasi mkononi, akizitazama muda mrefu. Inkscape ilikuwa na kitufe cha kufuata kingo za picha na kuzigeuza mistari. Alikikumbuka vizuri. Tisa angeweza kuzirudisha. Mbayuwayu na wenzake wanne, ambao hawakuwahi kukatwa, angewapoteza.

Diski ya mkutubi ilikuwa kwenye droo ya vijiko. Akaiweka mezani, akapiga simu tena.

"Nafuta, kaka."

"Unafuta nini?"

"Yote. Narudisha ile ya bure."

Kwa mbali nyundo iligonga bomba.

"Ile ya maskini."

"Hiyo hiyo."

"Laptopu nimenunua mimi."

"Najua. Kila nikiiwasha nakumbuka."

"Ikiharibika usinipigie."

"Sawa. Baba anakusalimu."

Baba hakuwa amesema neno tangu kiharusi.

Ilipofika Alhamisi mchana, Smaranda alikuwa amezifungua zile mbao moja moja, akazipiga picha dirishani kwa simu, na mistari ya alama za bahati ikatoka: kiatu cha farasi, msafisha dohani mwenye ngazi, jani la bahati. Ua la theluji, lile linalochanua kwanza baridi ikiisha, likatoka na kasoro. Petali ya kushoto ilikuwa fupi, imeingia ndani. Alidhani programu imekosea. Akalichukua ua lenyewe, akaligeuza kwenye mwanga. Mbao ilikuwa imelika pale, laini kama sabuni iliyotumika, mahali pa kidole gumba cha mzee.

Akashika kipanya ili ainyooshe. Akakiachilia, akamtumia Nichifor michoro yote tisa.

Ijumaa Nichifor akapiga.

"Binti, hili ua petali yake imeliwa. Nikunyooshee?"

"Likate hivyo hivyo."

"Yote?"

"Yote. Na mwambie Bi Veta mwaka huu hakuna mbayuwayu."

Jumatatu alishuka ngazi, lifti ikiwa imelala, akalifuata sanduku la vidani karakana, akarudi nalo. Dakika ishirini na nane. Alipofika ghorofa ya pili alikuwa ameshamsikia mzee akigonga. Mara mbili.

Aliliweka sanduku mezani bila kulifungua. Akaenda kwanza kumfungia tena ua lake lililolika kwenye ukingo wa kitanda, ndipo akachota maji.