Ushuru wa Sindano

Kichochoro alichoshonea shemeji yangu kilikuwa chembamba mno. Nikishiba, nilipita kwa awamu mbili: tumbo kwanza, mimi baadaye. Lakini mji mzima ulipita humo, maana ndiyo njia ya mkato kutoka kituo cha basi kwenda sokoni.

Shemeji ni fundi hodari, ila tundu la sindano halioni. Akaweka ushuru: kila mpitaji amtilie uzi kwenye sindano moja. Mtu akiinama kutia uzi, anagundua kifungo chake hakipo.

"Wee, utaingia sokoni kifua wazi?" shemeji anamwuliza. "Vua hiyo!"

Kazi zikamiminika.

Mwenye jengo tulimwita Bwana Futi, kwa kuwa alipima hata urefu wa salamu. "Mama, nafasi hii inapotea bure," akasema. "Nakupa chumba kikubwa ghorofa ya tatu. Hapa naweka stoo ya duka langu la ndoo."

Akakiziba kichochoro kwa mlango wa chuma.

Chumba kilikuwa kikubwa kweli. Ukipiga chafya asubuhi, mwangwi ulirudi adhuhuri. Lakini nani apande ngazi sitini kwa ajili ya kifungo? Nilipanda mimi tu, na macho yangu ndiyo yale yale ya uzeeni.

"Shemeji, kesho nauza cherehani," akaniambia. Hakuwa akitania.

Nikashuka dukani kwa Bwana Futi kupiga soga. Alikuwa peke yake na ndoo zake. Alipoinuka kwenye kiti, suruali ikalia *chraaa!* Kitini palikuwa na msumari; sijui ulifikaje pale.

Akapanda ngazi kinyumenyume, ameshika nyuma kwa mikono miwili, nami nikimfuata. "Mama, nisitiri!"

"Nikusitiri na nini, baba? Sindano hazina uzi. Niitie mpitaji."

Bwana Futi akajaribu mwenyewe mara tisa, akajichoma mara kumi. Akachungulia dirishani amwite mtu: chini hapakuwa na hata paka. Watu wote walikuwa wakizunguka kwa mbali, barabara ya pili, na ndoo wamenunua huko huko.

Kisha akanitupia funguo. "Mzee, fungua ule mlango."

Nilifungua, tukashusha cherehani, na mchukuzi wa magunia akawa wa kwanza kutia uzi. Nyuma yake ukaja msururu. Kabla suruali haijakwisha kushonwa, Bwana Futi alikuwa ameuza ndoo kumi na moja, kiunoni amejifunga kitambaa cha meza chenye maua.

Msumari ninao. Huwezi kujua lini utahitajika tena.