Mtamba wa Kumaliza Vita vya Mombasa

Pikapu ilikuwa imeshapita Isinya, Lesiamon yuko nyuma amemshika mtamba asianguke, wakati Haibe alipotoa kichwa dirishani akauliza kwa mara ya tatu, "Kwani mimi nilipiga nani?"

"Wareno," Lesiamon akajibu. "Mwaka wa elfu moja mia sita tisini na sita."

"Mimi ni mtu wa Garissa. Nauza mbuzi Kitengela. Bahari nimeiona kwa kalenda."

"Ni leo tu, Haibe. Mwislamu niliyempata ni wewe, basi leo wewe ni Mwomani."

Kando ya Haibe alikaa Musau, katekista wa Noonkopir na fundi wa milango, aliyekubali kuwa Mreno kwa sababu hakuna Mkatoliki mwingine aliyekuwa na nafasi Jumanne.

Lesiamon alikuwa bawabu wa Fort Jesus, ngome ya kale ya Mombasa, kwa miaka sita. Mwaka huo wa 1998, mvua za El Niño zilipoachilia barabara, alirudi kumposa Nasieku, binti ya Kakuta, nje kidogo ya Kajiado. Kakuta akamwuliza analinda ngome dhidi ya nani. Lesiamon akajitia kusimulia yote aliyokuwa akiwasikia waongozaji wa watalii: Wareno walivyoijenga kuilinda bandari, Waomani walivyoizingira karibu miaka mitatu, waliokuwa ndani walivyokwisha kwa maradhi.

Kakuta alisikiliza mpaka mwisho. "Walipatana lini?"

"Hawakupatana, Papaa. Waomani waliingia tu."

"Mtamba wa suluhu hakutolewa?"

"Hakutolewa."

"Basi vita havijaisha. Na mtoto wangu haolewi na mtu wa vita."

Kwake Kakuta, damu haikauki mpaka mtamba atolewe, iwe imemwagika jana au zama za mababu. Alete mtu wa kila upande, akasema, na mtamba asiye na kilema, wazee wamalize neno hilo asubuhi moja. Lesiamon hakucheka. Kulikuwa na mchumba mwingine Namanga, ana lori, halindi chochote.

Pikapu ilipofika kwa Kakuta, wazee watano walikuwa wakingoja kwenye viti vya plastiki vya kanisa, kivulini mwa tangi la maji.

"Nani alianza?" Kakuta akauliza.

Haibe, aliyelalamika njia nzima, akanywa chai, akakohoa, na kumbe maneno anayo. "Wazee, sisi tulikaa nje ya lango miaka miwili na miezi tisa. Mnajua mvua ya huko?"

Musau akaweka kikombe chini. "Na nani aliwaita? Sisi tumejifungia nyumbani kwetu."

"Kwenu ni Ureno."

"Mlituzuilia chakula. Tulikufa kama kuku wa kideri."

"Mngetoka mkasalimia watu."

Wakasimama wote wawili. Haibe akasema mlango aliotengenezewa na Musau mwaka jana haufungi, na leo amejua yalikuwa makusudi. Musau akasema Pasaka hii atanunua mbuzi kwingine. Lesiamon akaanza kuliona lile lori la Namanga limeegeshwa pale pale uani.

Ndipo Naipanoi, mama yake Nasieku, aliyekuwa akiongeza chai, akauliza, "Hiyo bandari ilikuwa ya nani kabla ya hawa?"

"Ya wenyeji, Yeyo," Lesiamon akasema. "Waswahili."

"Basi hawa wanagombania kisima cha mtu, na mwenyewe hayuko."

Wazee wakanong'onezana. Mtamba ni wa mwenye bandari, wakaamua. Mmoja alikumbuka kulikuwa na Mswahili pale stesheni, lakini alihama mwaka wa themanini na mbili. Kakuta akamgeukia Lesiamon.

"Wewe umelala huko miaka sita. Unakula samaki?"

Nasieku alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni. Mkwe anayekula samaki ni aibu ya boma zima. Lakini akikana, hakuna Mswahili, na vita vinaendelea.

"Nakula," Lesiamon akasema. "Na nazi."

Mzee mmoja akatema mate kando.

"Basi ni wewe," Kakuta akasema, akamkabidhi mtamba yule yule aliyemleta. Haibe akachinja mbuzi wa suluhu, naye na Musau wakalishwa ubavu mmoja. Lesiamon akamrudisha mtamba kwa Kakuta papo hapo, awe wa kwanza wa mahari, akapokelewa.

"Vimekwisha," Kakuta akasema. "Sasa unarudi huko kulinda nini?"



Mwezi huo aliandika barua ya kuacha kazi. Kwenye sababu aliandika kwamba vita vimekwisha. Alimwoa Nasieku Desemba. Wanakaa Kitengela, wana watoto wanne, anauza nyasi za ng'ombe. Mtamba alizaa mara moja akafa kwa kiangazi cha mwaka 2000. Kakuta alifariki 2004. Naipanoi anaishi kwa mwanawe, huko Ilbissil. Haibe alihamia Rongai akafungua duka la nguo. Musau aliugua kisukari, akaacha useremala. Yule wa Namanga alioa ng'ambo ya mpaka, Longido.